Chembe Nne za Paka Mmoja

Siku ya tatu Karani hajala, Mshauri aliniuliza kama nimejaribu kumwita paka kwa jina lake.

Nilikuwa kwenye mlango wa nyuma tangu saa moja asubuhi, sahani ya samaki wa mgebuka mkononi, nikimwita kwa jina lake. Nilimwita nimesimama, nikamwita nimechuchumaa, nikagonga sahani kwa kijiko kama ninavyofanya kila siku mwaka wa tisa huu. Paka alinitazama. Alitikisa ngozi ya mgongo kama ng'ombe anayefukuza nzi, akabaki palepale juu ya mfuniko wa kisima kilichokauka, katikati ya ua wetu wa nyumba nne.

"Nimemwita," nikasema.

"Asante kwa taarifa," akajibu Mshauri. "Je, paka wako anakunywa maji?"

"Hanywi."

"Je, ametapika manyoya, amekula nyasi, au amekojoa mahali asipozoea?"

"Hajatapika. Hajala nyasi. Mkojo wake sijaukagua leo."

"Paka dume anayejikamua bila kutoa mkojo apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Paka asiyekula zaidi ya siku mbili huanza kuharibika ini. Tafadhali mpe chakula."

Hapo niliweka sahani chini, maana mkono ulishaanza kutaka kuirusha.

Mshauri mwenyewe ni kisanduku cheupe, ukubwa wa mche wa sabuni uliokatwa nusu, kinakaa ukutani juu ya mtungi wangu. Kila nyumba yenye paka aliyeandikishwa ilipewa kimoja, baada ya ile homa ya paka iliyopita hapa Ujiji mwaka juzi ikaua paka wengi na watu wawili. Paka naye hutiwa chembe shingoni, chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele. Chembe husoma joto lake, mapigo ya moyo, uzito wa tumbo na mahali alipo, halafu inamwambia Mshauri, na Mshauri anakwambia wewe. Anakwambia hata usipouliza. Juzi aliniamsha kunijulisha kwamba Karani amelala.

"Paka wako yuko mita kumi na mbili nje ya kaya yake," akaendelea. "Tafadhali mrudishe nyumbani."

Nilishamrudisha mara nne. Nilimbeba kama mtoto mchanga, na kila tulipovuka kizingiti alianza kulia, anajikuna shingo, anajigonga kwenye mguu wa meza, mpaka nilipomwachia akakimbia tena kwenye mfuniko wake. Mikono yangu ilikuwa imechanwa kama mtu aliyevuna mkonge.

*

Mama Kiza, anayekaanga vitumbua nyumba ya kulia, alitoka na kipande cha kitumbua kwenye ncha ya kijiti.

"Mwajuma," akaita kwa sauti ya kubembeleza. "Mwajuma mwanangu, njoo umtoe mama wasiwasi."

Ndiyo, kwake paka huyu ni Mwajuma. Kwangu ni Karani, kwa sababu tangu mdogo alikuwa anakaa juu ya karatasi zangu za kikoba kama anazipitia. Kwa Mzee Feruzi, fundi cherehani wa nyumba ya kushoto, ni Subana, kwa kuwa aliwahi kuimeza subana yake ya kushonea, ile ya kuvaa kidoleni, na ikatoka siku ya pili ikiwa nzima. Na kwa Bi Sikujua, nyumba ya mbele yangu, anaitwa Bwana, basi. Alizaliwa jikoni kwangu ndani ya gunia la muhogo, lakini hakuwahi kukubali kwamba hilo linampa mtu haki. Asubuhi alikula kwangu, mchana akalala chini ya cherehani, jioni akaonja vitumbua. Kati ya alasiri na magharibi alikuwa kwa Bi Sikujua, amejilaza juu ya miguu yake.

Wakati huo dirisha la Mama Kiza lilikuwa wazi, na kutoka ndani nikasikia sauti ninayoijua.

"Hongera," ilisema. "Mwajuma ameongezeka uzito tumboni. Huenda ana mimba. Je, ungependa ushauri wa kuandaa mahali pa kuzalia?"

Karani ni dume. Nalisema hilo bila miwani.

"Mama Kiza," nikasema. "Kile kisanduku umekipata wapi?"

"Serikalini, kama wewe."

"Kwa paka yupi?"

Mama Kiza akaangalia kitumbua chake kana kwamba kimemwita. Mzee Feruzi alikuwa ameshatoka, tepu ya kupimia shingoni, akasimama, akataka kurudi ndani taratibu.

"Na wewe usiondoke, shemeji," nikamwambia. "Wewe nilikuona na mfuko unaolia nyau karibu na stesheni. Ukaniambia ni koti la mteja."

"Lilikuwa na koti pia," akasema Mzee Feruzi.

Nisijifanye msafi. Mimi mwenyewe nilimtia Karani kwenye kapu, nikamfunika kwa kanga mbili, nikaenda naye kituo cha uandikishaji cha mbali kabisa, ingawa pale mtaani kwetu kituo kilikuwepo, ili majirani wasione. Sheria ilisema kila paka na kaya moja. Nilijiambia nikimwandikisha mapema na kimyakimya, nimemaliza. Sasa ninaona kwamba kila mtu wa ua huu alijiambia maneno yaleyale, na kila mmoja alichagua kituo chake na wiki yake. Paka alirudi amenuna mara nne, na kila nyumba ikadhani amenunia yenyewe tu.

"Bi Sikujua," akaita Mama Kiza. "Na wewe?"

Bi Sikujua alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, miguu imenyooshwa mbele, minene, imekakamaa kama magogo yaliyoloa. Mwaka wa pili sasa hasimami zaidi ya kuhesabu kumi.

"Mimi nilimpa mke wa mjukuu wangu ampeleke," akasema bila aibu. "Bwana anaishi wapi kama si kwangu? Mwanamume haandikishwi kwa wapishi wake."

*

Dakta Leokadia wa ofisi ya mifugo, tuliyemwita kwa simu, alikuja saa nne na pikipiki yake, kofia ngumu kichwani, sanduku la vifaa mgongoni. Ni msichana wa watu wa Kasulu, mpole, ana kucha zilizokatwa mpaka nyama. Alimwendea paka pale kwenye mfuniko, akampitishia kisomeo shingoni.

Kikalia mara moja. Akasogeza kidogo, kikalia tena. Kikalia mara ya tatu. Ilipofika ya nne alikizima, akakipiga kwenye kiganja, akakiwasha upya, nacho kikaanza kuhesabu mwanzo.

"Nne," akasema.

Akatutazama mmoja mmoja.

"Tulipomtia ya pili, kisomeo hakikuiona ya kwanza kwa sababu chembe hulala siku arobaini, kidonda kipone. Inapolala haina sauti. Hilo ni kosa la waliotengeneza, nimeshawaandikia. Lakini, wazee wangu, hata siku moja hamkuulizana?"

"Tuulizane nini," akasema Mzee Feruzi. "Kila mtu alikuwa anajua paka ni wake."

Dakta akakaa kwenye ukingo wa kisima, akatueleza kwa kuchora mavumbini na kijiti. Chembe ina uzio. Paka akiwa ndani ya kaya yake chembe inatulia, akitoka inamwasha, na kadiri anavyokwenda mbali ndivyo inavyozidi, mpaka ajirudie mwenyewe. Ndivyo walivyoizuia homa isisambae. Sasa huyu ana chembe nne, na kila moja inamvutia nyumba yake. Akiingia kwangu, moja inanyamaza na tatu zinamwasha. Akienda kwa fundi, vilevile. Akachora mistari minne, ikakutana kwenye kiduara.

"Hapa ndipo panapomwasha kidogo kuliko kote," akasema. "Mwasho haujaisha, umepungua tu. Amepatafuta mwenyewe, akapapata."

Niliutazama mfuniko ule. Siku tatu nilikuwa namtukana paka moyoni, namwita mkaidi, mwenye kiburi cha uzee.

Nikakumbuka jambo lingine pia, nikaona haya. Chembe yangu ndiyo iliyoamka kwanza. Wiki ile nzima Karani hakutoka kwangu, na mimi nikafurahi, nikajisifu kwamba hatimaye amejua kwao. Wiki ileile nilimsikia Bi Sikujua akimwambia mke wa mjukuu wake kwamba vidole vya miguu havina habari naye, vimekufa ganzi kwa baridi.

Mzee Feruzi akasema alikuwa anafikiria kumpa nusu kidonge cha kichwa, labda ana maumivu. Dakta akageuka haraka.

"Usijaribu, baba. Kidonge hicho kwa paka ni sumu, hata robo. Kitunguu pia, na maziwa ya ng'ombe yanamharisha. Umempa?"

"Nilikuwa nafikiria."

"Basi usifikirie."

Akamchoma paka sikioni, akachukua tone la damu, akalitia kwenye kijimashine. Tulisubiri. Mama Kiza alikuwa ameacha mafuta jikoni, hakuyajali. Dakta alisoma mara mbili, akauliza, "Dagaa wa chumvi nani anampa?"

Sote tulijikuta tunaangalia mlango wa Bi Sikujua.

"Anawapenda," akasema Bi Sikujua. "Na ndicho ninachoweza kumpa bila kusimama. Wako kwenye kopo hapa chini ya kigoda."

"Figo zake zimechoka, bibi," akasema Dakta. "Si wewe tu, ni umri pia. Lakini chumvi inazimaliza."

*

Akaniita pembeni, karibu na kamba yangu ya nguo.

"Chembe ya kwanza ni yako, bibi Asumini," akasema. "Sheria inaitambua hiyo. Nazitoa hizo tatu leo, wewe unaweka kidole hapa, amekuwa wako. Samaki wa kuchemsha asiye na chumvi, maji mengi, dawa ya matone asubuhi na jioni. Hivyo anaweza kwenda miaka miwili, hata mitatu."

"Na akienda kwa mwingine?"

"Kwa nani?"

Sikumjibu. Akaelewa, akatazama ng'ambo.

"Kwa dagaa wale, sidhani ataona mfungo ujao."

"Si muache chembe mbili, apite nyumba mbili?"

"Zitamvuta huku na huku, atakaa katikati tena. Mfumo haujui nyumba mbili."

"Basi toa zote."

"Nikizitoa zote ni paka asiye na kaya. Gari la ofisi linapita Ijumaa, na wewe unajua linakopeleka." Akashusha sauti. "Na siwezi kubadilisha baadaye. Kumpasua lazima nimlaze kwa dawa, na figo hizi zitavumilia dawa ya usingizi mara moja tu. Leo hii nichague niache ipi, na iliyobaki ndiyo hiyo mpaka mwisho. Kama daktari, nakushauri uweke kidole."

Alininyooshea kibao chake cha kioo. Jina langu lilikuwa limeandikwa, na pembeni yake Karani, dume, miaka tisa. Kila kitu kiliandikwa sawasawa.

Nikamwomba nusu saa. Nikamwambia nataka kuswali, ingawa adhuhuri ilikuwa bado.

Niliingia jikoni nikateka maji, nikayamimina tena mtungini. Nilikuwa na hasira na kila mtu kwa zamu. Kwanza Mama Kiza, anayelisha dume miaka yote akimwita Mwajuma. Halafu Feruzi na koti lake, halafu waliotengeneza chembe inayolala. Lakini kubwa zaidi ilikuwa ya Bi Sikujua, na hiyo ni ya zamani. Mwaka wa kumi na moja sijakanyaga kwake. Alipomwoza binti yake, mimi ndiye niliyekuwa mpishi mkuu wa arusi zote mtaa huu. Nilishaagiza sufuria, nilishahesabu mchele kwa pishi, na asubuhi ya kuinjika nikamkuta mpishi wa kukodi kutoka mjini amevaa aproni, anachota viungo vyangu. Hakuniambia neno. Tangu hapo tunasemezana uani, salamu na habari za mvua, lakini kizingiti chake sikivuki na changu havuki. Sasa miguu yake hata ingetaka, isingeweza.

Nilijiuliza swali moja, wala halikuwa la figo. Nikimchukua, yule atakaa na miguu baridi akimsikia paka akilia kwangu, hatua thelathini tu. Nikimwachia, nitakaa mimi nikihesabu dagaa anaokula, mmoja mmoja, mpaka wammalize.

"Mapigo ya moyo ya Karani yamepanda," akasema Mshauri ukutani. "Je, umejaribu kumtuliza?"

"Nyamaza," nikamwambia.

"Samahani, sijaelewa dalili hiyo."

Ndipo sauti ya Bi Sikujua ikaja uani, kavu, ya mtu anayeagiza chumvi dukani.

"Asumini. Weka kidole, binti wa watu akafanye kazi nyingine. Mimi nitavaa soksi."

Nilikaa kwenye gunia. Angeniomba, ningekataa. Angelia, ningemwambia alipokodi mpishi alilia lini. Angesema ni haki yake, ningetoka na cheti cha chembe ya kwanza nikakipunga mbele ya watu. Nilikuwa na jibu la kila kitu. La soksi sikuwa nalo. Na anazo jozi moja tu, za kijivu, za marehemu mumewe, zimetoboka visigino. Huanikwa kamba yangu inapopakana na yake, nazijua mpaka uzi.

Nikatoka.

"Acha ya kwake," nikamwambia Dakta.

"Bibi, nimekueleza habari ya dagaa."

"Umenieleza. Nimesoma mpaka darasa la saba, nimekuelewa. Wewe umesema samaki wa kuchemsha, asiye na chumvi, maji mengi, matone asubuhi na jioni. Hukusema apikiwe na nani."

"Ila yeye hawezi kusimama jikoni."

"Chembe ya paka inamzuia paka," nikasema. "Mimi naona sijachomwa kitu shingoni."

Dakta akaanza kuvaa glavu. Mzee Feruzi alimshika paka miguu. Mama Kiza akashika sahani ya pamba na kugeuza uso. Ilichukua robo saa. Chembe tatu zikawekwa kwenye kifuniko cha chupa, na kweli ungezichanganya na mchele usizione. Nilifuta jina langu kwa kidole changu mwenyewe, kwa sababu kibao kilinitaka nithibitishe mara tatu. *Una uhakika. Una uhakika kabisa. Kitendo hiki hakirudishwi.* Mara ya tatu nilikibonyeza kwa nguvu mpaka Dakta akanishika mkono.

*

Paka alizinduka baada ya adhuhuri. Alisimama kwenye mfuniko, akatikisa mguu mmoja, akatikisa mwingine, akasikiliza. Hakuna kilichomwasha ila upande mmoja. Akashuka, akapita mbele ya mlango wangu bila kugeuka, akaenda zake kwa Bi Sikujua kama mtu anayerudi kazini.

Nilijua itakuwa hivyo. Nilikuwa nimejiandaa, na bado nililazimika kuinama nikatafuta kitu ambacho hakikuanguka.

Nikachukua sufuria yangu ndogo, mgebuka mbichi, chupa ya matone. Nikavuka ua. Kwenye kizingiti chake nilivua ndara, nikasimama.

"Hodi."



"Umekuja kumwona Bwana au kukagua jiko langu?" akauliza Bi Sikujua.

"Nimekuja kupika."

"Jiko linavuta moshi upande huo, uligeuze. Karibu."

Jikoni kwake kulikuwa kama nilivyokuacha, isipokuwa rafu moja imelegea na meza imesogezwa karibu na kitanda. Niliwasha moto, nikachemsha samaki, nikatoa miiba yote kwa vidole, hata ile myembamba ya karibu na mkia ambayo watu huiacha. Kopo la dagaa nilichukua chini ya kigoda, nikalifungia kwenye kanga yangu. Aliniona, akaniachia. Nilimtia paka matone mdomoni akanitemea usoni, nikamtia tena. Halafu nikaweka sahani chini ya miguu ya Bi Sikujua.

Paka akanusa. Akazunguka sahani mara mbili. Tulikaa wanawake wawili wazee tumemkodolea macho mnyama kama tunaangalia mtihani. Akala kipande kimoja, akatafuna upande wa kushoto, akala cha pili. Akanywa maji, akanywa sana, ulimi unalia tap tap kwenye bakuli. Kisha akapanda juu ya miguu ile, akajikunja.

Bi Sikujua akafumba macho. Vidole vya mguu wa kulia vikatikisika kidogo.

Mshauri wake ukutani akalia. "Bwana amekula gramu arobaini. Aliyemlisha ni mwenye kaya au mgeni? Mgeni anaruhusiwa mara mbili kwa mwezi."

Mimi nikatazama sakafu. Hilo Dakta hakulisema, na mimi sikuuliza.

"Andika mwenye kaya," akasema Bi Sikujua bila kufumbua macho.

"Tafadhali taja jina la mwenye kaya wa pili."

"Asumini. Na uongeze kwamba huyu samaki wake hana ladha, nimemwonja. Halafu, wewe Asumini, usiondoke kabla ya kuosha hiyo sufuria. Mgeni ndiye anayeacha vyombo akaenda zake."

Nikakunja mikono ya gauni, nikauliza beseni liko wapi.